Kuchagua si kubagua? Mizani ya mapenzi na ndoa mjini Isiolo

MTAA wa Kiwanjani, ulio karibu na uwanja wa ndege wa Isiolo kama jina lake linavyodokeza, umo katika mji ambao mgeni hupata shida kujua amefika katika nchi ya nani. Isiolo iko takriban kilomita 280 kaskazini mwa Nairobi, pale ambapo mashamba ya Meru yanakoma na nyika ya wafugaji inaanza. Waborana, Waturkana, Wasomali, Wameru, Wasamburu, Wagabra na Wasakuye wamekuwa majirani katika mji huo kwa vizazi kadhaa. Hununua maziwa katika soko moja, hupanda matatu moja, na watoto wao hukaa dawati moja wakisemezana kwa Kiswahili.

Hata hivyo, upo mlango mmoja ambao ujirani huo ukiufikia husita. Ni mlango wa posa. Kijana aliyekaribishwa chai katika nyumba ya jirani kwa miaka kumi aweza kugeuka mgeni siku ile anapotuma wazee kumposa binti wa nyumba hiyo. Jibu mara nyingi huwa la upole: kijana ni mwema, lakini si wetu. Vijana wenyewe nao, kabla hata wazee hawajaulizwa, huwa wamekwisha kujiwekea mipaka. Huyu anafaa kuwa rafiki, yule anafaa kuolewa; warembo ni wa kabila hili, wa kabila lile hawatazamwi.

Swali linalozuka ni hili: je, mipaka hiyo ni uchaguzi halali wa moyo, ama ni ubaguzi uliovishwa vazi la mapenzi? Katika nchi za Magharibi swali hili huulizwa kwa jina la rangi: iwapo Mzungu anayesema havutiwi na watu weusi ana chuki au ana ladha yake tu. Kaskazini mwa Kenya swali ni lilo hilo, ila kabila na rangi vimefumwa pamoja. Weupe wa ngozi, ulaini wa nywele na umbo la pua hutajwa sambamba na ukoo, dini na mila, hata ikawa vigumu kujua ni kipi hasa kilichomkatisha mtu tamaa.

Hoja za pande mbili

Wanaotetea uhuru wa kuchagua wana hoja nzito. Mapenzi si kazi ya serikali inayopaswa kutangazwa ili kila mwenye sifa aombe. Hakuna mtu aliye na haki ya kupendwa na mtu fulani, na anayekataliwa hajanyang'anywa chochote kilichokuwa chake. Waswahili husema kipendacho moyo dawa. Na moyo usipopenda, hapana hakimu wa kuuamuru. Tena kila uchaguzi wa mwenzi ni kukataa wengine. Anayetaka mume mrefu amewakataa wafupi, na hakuna anayemshtaki kwa hilo.

Aidha, wanasema, ni jambo la kawaida mtu kuvutiwa na yule aliyemzoea. Ndege wa rangi moja huruka pamoja. Mke na mume wanaozungumza lugha moja, wanaokula chakula kimoja na kufunga au kusali pamoja wamepunguziwa mizigo mingi ya ndoa. Mzazi anayetamani mkwe atakayeelewana na nyanya wa mtoto bila mkalimani hawezi kuitwa mbaguzi kwa sababu hiyo pekee.

Wapinzani nao hujibu kwamba moyo haukuzaliwa ukijua makabila. Ladha hufunzwa. Mtoto anayelelewa akisikia kila siku kwamba watu fulani ni wachafu, wakali au wa tabaka la chini, hatashangaza akifika umri wa miaka 20 na kusema kwamba watu hao hawamvutii. Anasema kweli, kwani hawamvutii. Lakini ukweli wa hisia haufuti asili yake.

Utafiti uliofanywa Marekani unawaunga mkono kwa kiasi fulani. Wasomi wanne waliwakutanisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, katika mazungumzo ya dakika chache ya kutafuta wapenzi, kisha wakachunguza nani alimchagua nani. Katika matokeo waliyochapisha mwaka wa 2008 walionyesha kwamba wengi, hasa wanawake, walipendelea watu wa rangi yao. Lakini walibaini pia kwamba nguvu ya upendeleo huo ilitegemea sana mazingira ambamo mtu alikulia na misimamo kuhusu rangi iliyoenea katika jimbo au nchi alikotoka. Kwa maneno mengine, kila mmoja alikuja mezani na moyo wake, lakini pia na kijiji chake.

Si kila mpaka ni chuki

Kabla ya kuwatia hatiani wazee wa Isiolo, ni vyema kutambua kwamba mila za ndoa hazikutungwa zote kwa ajili ya kuwadharau wengine. Mfano ulio karibu ni wa Waborana. Jamii hiyo imegawanyika katika nusu mbili, Sabbo na Gona. Kwa mujibu wa mila, mwanamume wa Sabbo huoa Gona, na wa Gona huoa Sabbo. Kuoana ndani ya nusu moja ni mwiko. Hapa mila inambana kijana asimchague msichana fulani, lakini haisemi kwamba msichana huyo ni duni. Inamlazimisha avuke mpaka, atafute mke upande wa pili, ili nusu mbili za taifa moja zisiache kuwa shemeji.

Kadhalika, tofauti ya dini ni kizuizi ambacho wengi wanakiheshimu kwa imani, si kwa kiburi. Wasomali na Waborana wa Isiolo kwa jumla ni Waislamu, ilhali Wameru na Waturkana wengi ni Wakristo. Mwislamu anayemkatalia bintiye kuolewa na Mkristo anafuata hukumu ya dini yake, na Mkristo anayetaka binti yake afungiwe ndoa kanisani naye anafuata yake.

Lugha ya Kiswahili ina neno mahususi kwa jambo hili: kufu. Mume wa kufu ni yule anayelingana na mke kwa hali na hadhi. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, nasaba ni miongoni mwa mambo yanayotazamwa katika kufu, pamoja na uchaji na kazi. Lakini wanazuoni wa madhehebu hayo hawakuifanya kufu kuwa sharti ambalo bila hilo ndoa hubatilika. Waliihesabu kuwa haki ya mwanamke na walii wake, haki ambayo wenyewe wanaweza kuisamehe. Tena aya ya 13 ya Sura Al-Hujurat inafunza kwamba wanadamu walifanywa mataifa na makabila ili wajuane, na kwamba ubora uko katika ucha Mungu. Kwa hivyo, anayeitumia dini kuufunga mlango wa nasaba daima ameichukua ruhusa na kuigeuza amri.

Kuna pia hofu za kidunia ambazo si za kupuuzwa. Wakenya wa umri mkubwa hawajasahau kesi ya wakili S. M. Otieno, Mjaluo aliyefariki Desemba 1986 akiwa ameoa mwanamke Mkikuyu, Wambui Otieno. Mjane huyo alitaka kumzika mumewe karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, wilayani Siaya. Mvutano ulipita mahakama moja hadi nyingine, na Mei 1987 Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo ushindi. Mzazi anayeuliza nani atamzika mtoto wake, wajukuu watarithi wapi na watahesabiwa kwa nani, anauliza maswali ambayo nchi hii imewahi kuyaona yakijibiwa kwa uchungu.

Ngazi iliyojengwa na sheria

Pamoja na hayo, si kila kizuizi kinatokana na mila au hofu ya namna hiyo. Viko vingine vilivyojengwa kwa karatasi za serikali, na Isiolo ni miongoni mwa miji ambako historia hiyo inasomeka waziwazi.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wasomali waliotumikia jeshi la Uingereza, wengi wao wa ukoo wa Isahakia, walipewa makao Isiolo. Utawala wa kikoloni ulikuwa umewapanga watu wa Kenya katika ngazi: Wazungu juu, Waasia chini yao, Waarabu baada ya hao, na Waafrika, walioitwa wenyeji, mwisho kabisa. Nafasi ya mtu katika ngazi hiyo iliamua kodi aliyolipa, mahali alipoishi, pasi aliyotakiwa kubeba na namna alivyotendewa ofisini. Mwaka wa 1919 sheria ilipitishwa ya kuwatoa baadhi ya Wasomali katika kundi la wenyeji kwa mambo fulani.

Tukio la kufunza zaidi lilifuata mwaka wa 1936, pale sheria mpya ya kodi ilipowaweka Wasomali katika kiwango cha chini kuliko Waasia. Isahakia waliandamanisha malalamiko hadi London. Hawakulalamika kwamba kodi ilikuwa kubwa. Walidai watozwe kodi ya juu, ile ya Waasia, kwa kuwa kulipa kidogo kulikuwa ni kushushwa daraja. Si rahisi kuwalaumu. Katika nchi ambayo kuitwa mwenyeji kulimaanisha kuvuliwa haki, kila aliyeweza alijitahidi kupanda kidato kimoja. Lakini jambo hilo linaonyesha jinsi daraja la rangi lilivyoweza kuwa mali ya kulindwa, hata kwa gharama. Na mali inayolindwa ofisini hulindwa pia nyumbani, kwa kuchunga binti aolewe na nani.

Serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kwa sheria za mwaka wa 1902 na 1934 zilizowazuia watu kuingia au kutoka bila kibali. Isiolo ilikuwa lango la eneo hilo. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zilizodumu kaskazini hadi 1991. Mwaka wa 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamriwa kukaguliwa na kubeba kadi maalumu za kuthibitisha uraia wao. Waliodhaniwa kuwa juu ya ngazi katika enzi moja wakajikuta wakishukiwa na kila askari barabarani katika enzi nyingine. Hadi leo si ajabu kumsikia mtu wa kaskazini anayesafiri kuelekea Nairobi akisema anakwenda Kenya. Watu waliotenganishwa kwa vibali kwa miongo kadhaa hawawezi kutarajiwa kuoana kana kwamba vibali hivyo havikuwapo.

Lakini ngazi nyingine ni za kale kuliko mkoloni, na hapo hakuna wa kumsingizia. Miongoni mwa Wasomali, watu wenye nywele ngumu huitwa jareer, na wenye nywele laini huitwa jileec. Jareer wengi ni wajukuu wa Waafrika waliotekwa katika karne ya 19 kutoka sehemu ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi na kupelekwa Somalia kama watumwa. Baadhi yao walikuwa wangali wanazungumza Kizigula zaidi ya miaka 100 baadaye. Walisilimu, wakajifunza Kisomali, wakalima kando ya Mto Juba. Ila kuoana na koo za wafugaji kulibaki kuwa mwiko. Vita vya Somalia vilipowakimbiza hadi kambi za Dadaab, mwiko huo ulisafiri nao. Marekani iliwapokea zaidi ya 10,000 kuanzia 2003, na Tanzania ikawapa wengine uraia katika nchi ya mababu zao.

Waborana nao wana Waata, waliokuwa wawindaji, na Tumtu, wahunzi. Waata huzungumza lugha ileile ya majirani zao. Wako wanaosali msikiti mmoja nao. Ngozi zao hazina tofauti ya kumwezesha mgeni kuwatambua. Hata hivyo wafugaji wengi hawakubali kuwaoza wala kuoa kwao. Miongoni mwa Wasomali, koo za wahunzi na za mafundi wa ngozi zimetengwa vivyo hivyo. Katika mifano hii sababu zote za kawaida zimeondoka: lugha ni moja, dini ni moja, rangi ni moja. Kinachobaki ni daraja peke yake.

Mizani tatu

Mfano wa Waata unatoa mizani ya kwanza ya kupimia uchaguzi na ubaguzi: ondoa sababu iliyotajwa, kisha utazame kama pingamizi linabaki.

Tuchukue mfano wa kijana Mturkana anayemposa binti Mborana. Ataambiwa kwanza kwamba kizuizi ni dini. Pengine ataambiwa pia kwamba kwao hawatahiri, kwani Waturkana kwa mila hawana tohara, ilhali kwa Waborana, Wasomali na Wameru ni jambo lisilokwepeka. Sababu zote mbili zinaeleweka. Lakini Waturkana Waislamu wapo. Kijana huyo akiwa mmoja wao, ametahiriwa, anasali sala tano na ana kazi, wazee watasema nini? Wakikubali, basi kweli walikuwa wakitetea dini na mila. Wakitafuta sababu mpya, hapo dini ilikuwa pazia tu. Mizani hii haiwahusu Waborana pekee. Msomali aulizwe vivyo hivyo kuhusu mchumba Mmeru aliyesilimu, na Mmeru kuhusu mchumba kutoka jamii ya wafugaji aliyebatizwa na kusoma naye chuo kimoja.

Mizani ya pili ni ya kubadilisha pande. Zipo nyumba zinazopokea wakwe wa kike kutoka kabila jirani bila kelele, lakini haziko tayari kumpa kijana wa kabila hilo binti yao. Watetezi husema hiyo ni kawaida ya jamii ambamo mtoto hufuata ukoo wa baba: mke anayeingia huongeza ukoo, binti anayetoka huwazalia wengine. Maelezo hayo yana kweli ndani yake. Hata hivyo, kama mzazi hukubali bintiye azalie ukoo mwingine wa kabila lake, na hukataa tu anapokuwa wa kabila fulani la jirani, basi si suala la mtoto kufuata ukoo wa baba. Ni suala la nani anahesabiwa kuwa anastahili kuwa baba.

Mizani ya tatu hutazama wakati ambao mlango unafungwa. Anayemjua mtu, akazungumza naye, kisha moyo wake ukakataa, amemchagua au kumwacha mtu huyo. Anayefunga mlango kabla ya kumwona, kwa sababu ya jina la babu yake, hakumkataa mtu. Amekataa kundi zima. Tofauti hii ndiyo inayotenganisha mfano wa urefu na mfano wa kabila. Hakuna historia ya watu wafupi kunyimwa vitambulisho, malisho au shule kwa ufupi wao. Kukataliwa kwa kabila humfikia mtu akiwa tayari amekataliwa kwa kabila lilo hilo kwingineko.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka wa 2015, uliwahoji wanaume zaidi ya 2,000 nchini Australia waliotumia mitandao ya kutafuta wapenzi wa jinsia yao. Waliuliza iwapo kuwaondoa watu wa rangi fulani katika orodha ni jambo la ladha tu. Watafiti waligundua kwamba msimamo wa mtu kuhusu jambo hilo ulihusiana kwa karibu na msimamo wake kuhusu rangi katika maisha kwa jumla. Aliyeona halina neno katika mapenzi alielekea kuwa na mtazamo uleule kwingineko. Mwaka wa 2020 mtandao wa Grindr, mmojawapo wa mikubwa ya aina hiyo, uliondoa kitufe kilichowawezesha watumiaji kuwachuja wengine kwa asili yao. Isiolo haina haja ya kitufe hicho. Jina la pili la mtu latosha kuifanya kazi hiyo.

Isisahaulike kwamba sifa nazo zaweza kuwa ubaguzi. Wanaume wengi wa mijini Kenya huwasifu wasichana wa kaskazini, Wasomali, Waborana na Warendille, kwa weupe wao na nywele zao. Msichana anayesifiwa hivyo huenda asifurahi akitambua kwamba anayemsifu hajamtazama yeye, bali ametazama aina. Sifa hiyo pia humpima mwingine asiyetajwa: binti mweusi mwenye nywele ngumu, anayeambiwa kimyakimya kwamba yeye si kipimo cha urembo. Biashara ya krimu za kujichubua hustawi juu ya ukimya huo.

Sheria inafika wapi?

Wapo wanaouliza kwa nini sheria isimalize jambo hili. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 27, inakataza mtu kumbagua mwenzake kwa misingi ya rangi, kabila, asili ya kijamii au dini. Ibara ya 45 inampa kila mtu mzima haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia nyingine kwa hiari ya wote wawili. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasisitiza hiari hiyo. Maana yake ni kwamba wawili waliokubaliana wana ngao ya sheria dhidi ya yeyote anayetaka kuwazuia kwa nguvu. Lakini hakuna kifungu kinachoweza kumlazimisha mtu kupenda, wala mzazi kuridhika.

Na ni heri kisiwepo. Zanzibar ililijaribu jambo hilo mwaka wa 1970. Mwezi wa Septemba mwaka huo wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozeshwa kwa nguvu wajumbe wa Baraza la Mapinduzi. Serikali ya Sheikh Abeid Amani Karume ilitetea hatua hiyo kuwa njia ya kuvunja kiburi cha rangi cha jamii ambazo hazikuwa zikiwaoza Waafrika mabinti zao. Kiburi hicho kilikuwapo na kilikuwa kimewaumiza wengi. Lakini dawa iliyotumika iliwafanya wasichana wadogo wabebe deni la historia, na dunia ikalaani. Funzo la Zanzibar ni kwamba ubaguzi wa ndoani hauondolewi kwa kumnyima mtu hiari, kwa kuwa hiari ndiyo kitu chenyewe kinachodaiwa.

Upande wa pili wa dunia ulionyesha kwamba sheria ina kazi moja tu halali katika jambo hili: kutofunga mlango. Afrika Kusini ilipiga marufuku ndoa za Wazungu na watu wa rangi nyingine mwaka wa 1949, na haikuifuta sheria hiyo hadi 1985. Nchini Marekani ilichukua hadi Juni 1967 kwa Mahakama ya Juu kubatilisha sheria za namna hiyo zilizokuwa zimesalia katika majimbo. Marufuku yalipoondoka, si kila mtu aliyekimbilia kuoa rangi nyingine. Ila waliotaka hawakufungwa tena jela.

Kinachoshindaniwa

Huenda mtu akauliza kwa nini jambo la nyumbani namna hii lichunguzwe kama jambo la taifa. Jibu linapatikana katika kumbukumbu za Isiolo yenyewe. Mwishoni mwa 2011 na kuingia 2012, mapigano baina ya Waturkana kwa upande mmoja na Waborana na Wasomali kwa upande mwingine yaliwaua watu na kuwahamisha wengi makwao. Yalihusishwa na malisho, na pia siasa za kaunti mpya iliyokuwa ikikaribia. Katika vurugu kama hizo, nyumba iliyochanganya makabila hujikuta katikati. Mke huogopa ndugu za mumewe, na mume huogopa ndugu za mkewe. Lakini nyumba hizohizo ndizo zenye simu ya pande zote mbili. Mjomba aliye upande wa pili ni mtu wa kuulizwa kabla risasi haijapigwa.

Sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi 268,002 katika Kaunti ya Isiolo. Hao ni watu wachache katika ardhi kubwa, ambao sasa wana barabara ya lami hadi Moyale, uwanja wa ndege uliozinduliwa 2017, na mipango ya ujenzi inayopandisha thamani ya kila ploti. Kadiri mali inavyoongezeka, ndivyo mvuto wa kujifungia kwa ukoo unavyozidi. Wazee wanaokutana kwa mikataba ya malisho na maji wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza kuketi pamoja. Mikataba ya shemeji haiandikwi, lakini hudumu zaidi ya ile yenye sahihi.

Kwa hivyo jibu la swali lililoulizwa mwanzoni haliwezi kuwa la neno moja. Kupendelea aliye karibu nawe si dhambi, na hakuna anayedaiwa mapenzi. Anayekataa amekataa, na hatakiwi kueleza mbele ya baraza. Lakini mapendeleo yanapofuata ngazi iliyojengwa na utumwa, kodi na vibali, yanapobaki imara baada ya sababu zake kuondolewa, na yanapomhukumu mtu kabla hajafungua kinywa, hayo yameacha kuwa ladha. Ni ubaguzi, hata kama mwenye kuwa nao hana chuki moyoni na humsalimu jirani yake kila asubuhi.

Kinachoweza kudaiwa kwa haki ni kidogo, nacho ni kizito: kwamba mtu atazamwe kwanza. Wazazi wa Kiwanjani hawawezi kuahidi kwamba watampenda kila mkwe atakayeletwa. Wanaweza, siku wazee wa upande wa pili watakapobisha hodi, kuuliza juu ya tabia ya kijana, kazi yake na imani yake kabla ya kuuliza jina la babu yake. Wakishayasikia majibu, wakatae au wakubali. Hapo ndipo neno kuchagua litakapokuwa limestahili jina lake.